Giza la Mwezi Mzima: Nani Alibeba Ndoo?

Mwezi huu tuache kidogo mambo ya harusi na zawadi. Tuzungumze jambo ambalo kila nyumba na kila ofisi italikuta siku moja: shida ikiingia, mnajipanga vipi?

Sisi wa Unguja somo hili tulilisoma gizani. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwani, ukarudi Juni baada ya wiki nne hivi. Hatujapumua vizuri, Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ilikuwa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Sababu ni kwamba umeme wetu ulitoka Bara kwa waya mmoja tu wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliowekwa mwaka 1980. Mimi nakaa Chukwani, njia hiyohiyo ya Fumba, na nakwambia hakuna aliyekuwa anaufikiria waya ule mpaka uliposhindwa kazi.

Unguja umeme ukikatika hukosi taa tu. Pampu nazo zinasimama, na bomba linakauka. Basi ghafla dumu la maji likawa na thamani kuliko televisheni.

Lakini watu hawakukaa wakalia. Wenye visima waliwafungulia majirani milango. Mwenye jenereta akawa anachaji simu za mtaa. Fundi cherehani akarudi kwenye mashine ya kukanyaga. Muuza samaki asiye na barafu akauza siku ileile, kilichobaki akakaanga. Maofisini kazi za kompyuta zikabanwa kwenye saa chache za jenereta, nyingine zikafanywa kwa kalamu na karatasi. Hakuna aliyewafanyia semina!

Na vyumbani je? Hapa mtacheka. Mtafiti Alfredo Burlando, aliyechunguza giza la mwaka 2008, aligundua kwamba miezi minane hadi kumi baadaye watoto waliozaliwa waliongezeka. Si unajua tena, televisheni imezimwa, mzee karudi mapema...

Ila msicheke mkasahau. Mtafiti huyohuyo, katika kazi nyingine aliyoichapisha mwaka 2014, alionyesha kwamba watoto waliopitia giza lile wakiwa tumboni walizaliwa na uzito mdogo. Na wale ambao kazi zao zinategemea umeme walipoteza saa za kazi, na mfuko nao ukapungua.

Ndiyo maana mimi nikisikia "watu wetu wavumilivu", huwa nauliza: nani hasa anavumilia? Ndoo haijibebi. Mara nyingi anayeamka alfajiri kwenda kisimani ni mama, mke, au binti ambaye saa moja anatakiwa awe skuli. Kazini vilevile. Bosi anasifu timu imara, kumbe uimara wenyewe ni mlinzi aliyekesha na jenereta na dada wa usafi aliyeteka maji ya choo ghorofa nzima.

Kwa hiyo wapenzi, nawapa matatu ya kujadili leo usiku.

Kwanza, gawaneni mzigo kabla haujaja. Kaka, kubeba dumu hakukupunguzii uanaume. Kama mwenzio ni mjamzito, hilo dumu ni lako bila mjadala.

Pili, anayejitolea kazini alipwe. Asante ni nzuri, lakini haipiki wali. Kama wewe ndiye mkubwa wa kitengo, andika nani alifanya nini siku za shida, ukumbuke siku ya marupurupu.

Tatu, msitegemee waya mmoja. Mwaka 2013 Unguja ilipata waya wa pili, wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani. Nyumba nyingi za vijana bado ziko kwenye ule wa kwanza: mshahara mmoja, akiba hakuna, jirani hata jina humjui. Anzeni na jirani, maana huyo hana gharama. Mpelekeeni sahani ya futari, mjue kisima chake kiko wapi.

Ujanja wa watu wetu ni mali kubwa, nami najivunia. Lakini mali ikitumiwa kila siku bila kurudishwa, inakwisha. Muulize mwenzio usiku huu: nani anabeba ndoo humu ndani?

Tukutane mwezi ujao, inshaallah.