Kutu Haiji Bila Hodi

Rwanda ni nchi ya radi, na majengo yetu hapa Kigali huhitaji waya wa kuikinga. Lakini waya wa shaba ukilazwa juu ya bati, baada ya miaka bati hutoboka, na watu husema lilikuwa bovu. Sikubali.

Shaba na zinki zikigusana mvuani, umeme mdogo hupita kati yao, zinki ikaliwa, kisha chuma. Jedwali tunalokariri kwa mtihani latuonya mapema: zinki volti −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34. Iliyo chini ndiyo huliwa. Na ikiwa ndogo kuliko mwenzake, huisha upesi zaidi.

Meli ya Kiingereza Alarm ilivikwa shaba mwaka 1761. Mwaka 1763 misumari yake ya chuma ilikutwa imeliwa, ila palipobaki karatasi kati ya metali hizo mbili.

Basi tuliosoma tusinyamaze. Waya wa aluminiamu wafaa zaidi juu ya bati, na radi hukingwa vilevile. Yafaa tumwambie fundi kabla hajapanda ngazi. Elimu inayoishia kwenye karatasi ya mtihani haimfai mwenye nyumba.