Waliozozania usingizi wa simu yako

Ukifika soko la Mutomo kule Kitui, au ukivuka mto Athi ukaingia Kibwezi upande wa Makueni, hutakosa kibanda cha kuchaji simu. Mtu wa kijiji kisichofikiwa na nyaya za umeme huja na simu iliyozimika, akaiacha hapo, akairudia jioni. Kwake, simu inayotunza chaji si anasa. Huenda basi hujasikia kwamba wataalamu wa kompyuta waligombana kwa zaidi ya miaka mitatu juu ya chaji hiyo hiyo.

Simu nyingi humu nchini hutumia Android, na ndani ya Android mna kiini kiitwacho Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiongoza mashine, uko wazi: yeyote aweza kuusoma, kuunakili na kuleta marekebisho. Ni kama mwethya wa Wakamba wanapojenga bwawa la mchanga. Kila mtu huleta jiwe, lakini jiwe halijipachiki ukutani. Fundi hulikagua kwanza, na akilikataa, hapo ndipo maneno huanza.

Mapema mwaka 2009 Arve Hjønnevåg, mhandisi wa Google, alileta jiwe lake. Alitaka simu ilale kila inapopata nafasi, hata kama kuna programu inayohangaika bure, isipokuwa pale programu iliyoruhusiwa inaposhika kufuli la kuizuia isilale kwanza. Wenzake wa Linux wakapinga. Programu inayokula chaji ovyo irekebishwe yenyewe, walisema. Kwa nini kiini kibebeshwe makosa ya wazembe? Google wakashikilia kwamba simu hujazwa programu za watu wa kila aina, na mwenye simu hawezi kungoja hadi wote watie adabu kazi yao. Wapinzani walikuwa na hoja, sikatai, lakini mimi nilikuwa upande wa yule wa Mutomo.

Februari 2010 toleo la Linux 2.6.33 likatoka bila msimbo wa Android. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi, alikuwa ameung'oa. Alisema haukuwa na wa kuutunza, tena vipande vyake vingi vilitegemea lile kufuli ambalo halijakubaliwa. Mtu wa Makueni ataelewa upesi. Wageni wakisaidia kujenga bwawa kisha wakaenda zao, ukuta ukipata ufa nani atauziba?

Google wakaendelea na nakala yao ya pembeni. Walioumia ni watengenezaji wa vipuri vya simu: walichoandika kwa ajili ya Android hakikuingia kwa urahisi katika Linux yenyewe, wakawa wanafanya kazi mara mbili. Mwaka 2011, Wakenya walipokuwa wakinunua simu ndogo ya Huawei iitwayo Ideos, walibeba mfukoni nakala hiyo ya pembeni bila kujua.

Msimbo wa Android ulianza kurudishwa katika toleo la 3.3, Machi 2012. Kufuli lenyewe lilisubiri hadi Julai, katika toleo la 3.5, nalo halikuingia lilivyoletwa. Rafael Wysocki, msimamizi wa mambo ya umeme katika Linux, alikuwa amelichonga upya kwa namna ambayo wenzake wangeweza kuitunza.