Faiba haifai kitu bila kisanduku cha kuaminika

Tangu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, mazungumzo kuhusu intaneti nchini yamekuwa ya nyaya tu: zimechimbiwa hadi wapi, kaunti ipi imefikiwa na ipi ingali inangoja. Ni mazungumzo ya maana. Hata hivyo, kila waya hukomea ukutani mwa mteja, na hapo hupokewa na kisanduku kidogo ambacho watu wengi hawakijali ila taa yake nyekundu inapowaka. Maoni yangu ni kwamba kampuni ndogo zinazopeleka faiba katika miji ya kaunti zitasimama au kuanguka kwa kisanduku hicho, na kwamba shule zinazotia sahihi mikataba nazo hazina budi kukiulizia kabla ya kuuliza bei.

Kwanza tufahamu kazi yake. Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Katika mfumo uitwao GPON, ambao umeenea sana, uzi mmoja kutoka mtambo mkuu wa kampuni aghalabu hugawiwa wateja 32 au 64, nao hushirikiana kasi ya takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde. Kisanduku hugeuza mwanga kuwa ishara za umeme, kisha ruta, ambayo mara nyingi imo ndani ya kisanduku kicho hicho, huzisambaza kwa waya au kwa waifai. Kikiwa dhaifu, faiba yote iliyochimbiwa barabarani haimfaidi mteja.

Swali la kwanza la kuuliza ni la lugha. Kisanduku na mtambo mkuu hupelekeana amri na majibu kwa kufuata kiwango sanifu cha kimataifa kinachojulikana kama G.988. Lakini kiwango hicho kimewaachia watengenezaji nafasi ya kuongeza amri zao wenyewe, na matokeo yake ni kwamba kisanduku cha kiwanda kimoja huenda kisielewane vyema na mtambo wa kiwanda kingine. Tatizo hili si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ili kitabu kilichoandikwa mahali pamoja kisomeke kwingine. Tofauti ni kwamba lahaja za watu ni utajiri, ilhali lahaja za viwanda ni pingu. Kampuni inayonunua mitambo inayofahamu lahaja ya kiwanda kimoja tu imejifunga kwake. Bei ikipanda, haina pa kukimbilia. Basi kabla ya kununua visanduku elfu moja, na ijaribu vichache vya viwanda mbalimbali kwenye mtambo wake.

Swali la pili ni la usalama. Kisanduku ni kompyuta ndogo, na programu yake huhitaji kurekebishwa kila dosari inapogunduliwa. Mnamo Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walitatizika baada ya ruta zao kushambuliwa kupitia njia ambayo kampuni huitumia kusimamia vifaa kutoka mbali. Mnamo Oktoba 2023, zaidi ya ruta 600,000 za wateja wa kampuni moja ya Marekani ziliharibiwa kwa muda wa siku tatu, zikawa hazina budi kubadilishwa. Ikiwa taifa lenye mafundi tele lilipatwa na hasara hiyo, kampuni ya mji mdogo ingetoa wapi visanduku vipya na mafundi wa kuvifunga?

Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inapiga marufuku maneno ya siri mepesi yanayotiwa kiwandani, na kumlazimisha mtengenezaji aseme atarekebisha programu ya kifaa kwa muda gani. Mnunuzi wa Kenya anaweza kuyaandika masharti hayo katika mkataba wake leo, pasipo kusubiri Bunge.

Swali la tatu linahusu mahali na watu. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi kubwa lakini hushindwa na kuta mapema kuliko ile ya 2.4, katika nyumba za kale za Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, kisanduku kimoja hakitoshi. Vivyo hivyo, kisanduku kilichofungwa ofisini mwa mwalimu mkuu hakitawafikia wanafunzi walio ng'ambo ya uwanja. Umeme nao hupotea. Kifaa kinachotumia volti 12 huweza kuendeshwa kwa betri ndogo. Isitoshe, maelezo ya visanduku vingi ni ya Kiingereza, na hali Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Karatasi moja ya Kiswahili fasaha, inayoeleza maana ya kila taa na namna ya kubadilisha neno la siri, ingewaondolea mafundi safari nyingi.

Najua jibu litakalotolewa: kampuni ndogo haina fedha. Wala sisemi inunue cha bei ya juu kabisa. Mfumo mpya wa XGS-PON hubeba gigabiti 10 kwa sekunde, na nyumba ya kawaida haihitaji kiasi hicho. Lakini cha bei ya chini kabisa nacho hulipiwa baadaye, kwa mafuta ya pikipiki ya fundi na kwa mteja anayehamia kwingine. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Walimu wakuu na wauliziapo huduma, waulize pia: je, kisanduku hiki kinaelewana na mitambo ya viwanda vingine? Programu yake itarekebishwa hadi mwaka gani? Maelezo yake yako katika lugha gani? Kampuni isiyoweza kujibu haijakuwa tayari kuunganisha shule.