Tusimcheke Ramogi

Baadhi ya wanafunzi wenzangu hucheka wasikiapo habari za Ramogi Ajwang', ambaye wazee husema ndiye aliyewaleta Wajaluo hadi kilima cha Got Ramogi, huko Yimbo, karibu na Ziwa Viktoria. Husema, "Hakuna maandishi, basi hiyo si historia." Mimi sikubali. Profesa Bethwell Ogot alikusanya masimulizi ya wazee, akayalinganisha ukoo kwa ukoo, akahesabu vizazi, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake cha historia ya Wajaluo. Kama angaliwacheka wazee wale, angaliandika nini? Ndugu zangu, likizo yaja. Kila mmoja na amwulize babu au nyanya yake majina ya wazee wa ukoo, ayaandike daftarini. Wazee hawatungoji.