Mufuko wa kikwembe: tusingoje mufadhili

Ndugu wakulima, wamama na wababa wa koperative,

Sheria tuko nayo. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumikisha masashe ya plastiki katika inchi yetu yote. Lakini ukienda soko leo, kilo moja ya maharagi, sashe. Nyanya kidogo, sashe. Chumvi, sashe ndani ya sashe ingine. Gisenyi, ngambo ya mupaka na Goma, zilikatazwa tangu 2008, na wamama wetu wanaovuka wanajua: sashe inabaki kwenye bariere. Kumbe inawezekana.

Hii si maneno ya watu wa muji tu. Sashe inatupwa njiani, mvua inaikokota mpaka ndani ya shamba. Haiozi. Pale imelala, maji haiingii muzuri katika udongo na muzizi haupiti. Mbuzi akiimeza, inamujaa tumboni, anakonda, anakufa. Na mbuzi, kwetu, ni minerval ya mutoto. Pale Bukavu, takataka za plastiki zinazoelea juu ya Ziwa Kivu zinaziba mashini za umeme za Ruzizi.

Mawazo yangu ni haya: kila nyumba ishone mifuko miwili kwa vitambaa vya zamani, tena mwezi huu. Kikwembe kilichochujuka, rido, shuka iliyopasuka katikati: pembeni zingali na nguvu. Vuta kitambaa kwa mikono miwili. Kikipasuka, kiwe cha kupangusia. Kikishika, kata kipande cha santimetre 90 kwa 45, kikunje katikati, shona kila upande mara mbili, pinda mudomo. Weka mikono miwili ya santimetre 60, uishone ndani kwa alama ya musalaba, maana pale njo muzigo unavuta. Sindano na uzi vinatosha.

Wengine watasema: tungoje mufadhili alete mashini. Mimi nakataa. Mashini ikiharibika, kazi yote inasimama. Sindano ya mukono haina fundi wa kungojea. Wengine wanataka tuuzishe mifuko. Sawa, lakini nani atanunua kwetu kama siye wenyewe tunatembea na sashe? Tuanze nyumbani.

Neno moja la haki. Kazi hii isiwe muzigo mupya juu ya wamama peke yao. Mama anatoka shamba, anachota maji, anapika. Tena ashone usiku? Hapana. Mafundi wengi wa kushona huku kwetu ni wanaume, na vijana nao wana mikono. Tugawane. Na kikwembe cha kubebea mutoto kisiguswe.

Nyama na samaki tuendelee kufungia majani ya migomba. Mafuta, chupa. Unga, kitambaa kizito kilichofuliwa.

Kwenye mukutano mukubwa unaokuja, naomba tukate shauri moja: depo yetu isitoe tena sashe. Anayekuja kuchukua mbegu ao maharagi, aje na mufuko wake. Anayesahau, afunge katika kikwembe yake, kama mama zetu walivyofanya mbele sashe haijafika.