Yai la Mjusi Haligeuzwi
Mfugaji wa Nakuru aliyezoea mashine ya kutotolesha vifaranga akitaka kuangua mayai ya mjusi kafiri, asahau kwanza habari ya kugeuza. Yai la kuku hugeuzwa mara kadhaa kwa siku. La mjusi, kiinitete kikishajishikiza kwenye gamba, ukiligeuza waweza kukiua. Basi mayai mawili meupe ya mjusi huyo, madogo kama njugu, yatiwe alama ya penseli upande wa juu, yakae vilevile yalivyotagwa. Joto la nyuzi 28 hivi lafaa, na usiku wa Nakuru, mita 1,800 na zaidi juu ya bahari, haulitoi. Lakini kabla ya joto kuna kibali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila idhini, na udogo wake si kinga: Mei 2025, vijana wawili wa Ubelgiji waliokamatwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000 walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Kwa anayeanza, nasaha yangu ni kuyaacha ufani mwa ukuta yalimo, amzuie fundi wa rangi asipitishe brashi hapo, kisha achungulie kila jioni kwa tochi.