Nahodha Asiye na Baharia

Kuna mtindo umetuingia sisi tunaojifunza kuandika programu kwa lugha ya Go, nami naupinga waziwazi.

Lugha hiyo ilianzia Google mwaka 2007, ikatangazwa 2009. Ndani yake mna intafesi, yaani orodha ya kazi ambazo kitu lazima kizimudu, na strakti, yaani kasha la kuwekea data. Ukiipachika intafesi ndani ya strakti, kasha hilo huhesabiwa linazimudu kazi zote, hata kama hukuandika hata moja. Raha iliyoje!

Likizo ya Agosti nilimwandikia mjomba, mnunuzi wa samaki huko Mayungu, programu ya kuweka kilo za kila mvuvi. Intafesi yangu, Hifadhi, ilikuwa na kazi tatu: Andika, Soma, Futa. Nikaandika mbili, ya tatu nikaizibia pengo kwa kuipachika Hifadhi yenyewe, tupu. Kompaila kimya! Basi jioni moja mjomba akakosea kilo za changu, akabonyeza futa. Programu ikafa palepale, na hesabu za siku nzima zikapotea, maana nilikuwa sijaziweka kwenye diski. Samaki walishatiwa barafu wakaenda Malindi. Mjomba akalipa kwa kuamini midomo ya watu, na hasara ikawa yake.

Ni kama nahodha aliyeandika kwenye orodha kwamba anaye baharia wa tanga, na huyo baharia hayupo. Pwani hakuna anayejua. Ngoja kusi livume! Lau nisingepachika, kompaila ingekataa kuipokea strakti yangu kama Hifadhi, na aibu ingebaki mezani kwangu.

Sisemi kupachika ni haramu. Reverse, iliyomo katika pakiti ya sort ya Go yenyewe, hufanya hivyo kwa adabu: hupachika orodha ya kweli uliyompa, hugeuza Less peke yake, na Len na Swap huziachia mwenyewe. Mle ndani mna mtu. Hata kwenye majaribio naruhusu, kwani huko ikianguka hailii pesa ya mtu. Lakini kupachika kitu tupu, eti nitamalizia kesho? Hapana, bwana.

Futa nimeshaiandika. Ni mistari minne tu. Mjomba, lakini, amerudia daftari lake la karatasi, na kila nikitaja kompyuta hunitazama kwanza, kisha huniuliza, "Sasa hii ina baharia, mwanangu?"